Ndege ya Saa Kumi, Lodwar

Ujumbe uliingia saa moja na dakika nne asubuhi.

"Mbuzi wauzwe leo. Wote."

Akiru Longor aliusoma mara moja, akaufuta, akarudisha simu mfukoni. Alikuwa ameketi kwenye usukani wa Prado nyeupe mbele ya nyumba ya wageni mjini Kakuma. Injini ilikuwa inanguruma polepole, na kiyoyozi kilikuwa kimeanza kushindwa na joto.

Maana yake wakamatwe wote, hata Jok.

Kiunoni, chini ya shati pana la pamba, alikuwa na bastola, Glock 19. Ndani ya sikio la kulia kulikuwa na kidude kidogo kama punje ya mtama. Shingoni alivaa shanga za Kiturkana, nyekundu na nyeusi, safu juu ya safu, na katikati ya shanga hizo mafundi wa Idara ya ujasusi walikuwa wameficha kipaza sauti. Watu wengi walizisifu shanga zile. Jok mwenyewe alizisifu siku ya kwanza.

Mlango ukafunguliwa. Familia ikatoka na masanduku.

Jok Akuei alitangulia, mrefu, akiinamisha kichwa mlangoni kwa mazoea. Nyuma yake alikuja mkewe Nyagoa, kisha binti yao Awut, mwenye miaka minane, akiwa bado anapiga mswaki. Walikuwa wametoka Adelaide, Australia, kwa likizo ya siku nane, na hii ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho. Asubuhi wangenunua vitu Kakuma. Mchana wangekula Lodwar. Saa kumi kulikuwa na ndege ya Nairobi, na kutoka Nairobi ndege kubwa ya kuwarudisha.

Jok alikulia hapa, kambini, mtoto wa Kidinka aliyefika bila baba wala mama. Akiru alikuwa binti wa mji huu huu, na mama yake aliuza maziwa na kuni kwa wakimbizi. Darasa la nne walikaa dawati moja. Siku za mgao walisimama pamoja kwenye foleni tangu alfajiri, kadi ya Jok ikiwa imefungwa kwenye ncha ya leso ya Akiru, na mahindi waliyopata wakagawana, ingawa Mturkana hakuruhusiwa kula mgao wa mkimbizi. Jioni mama yake Akiru alimwekea Jok maziwa kwenye kibuyu chake mwenyewe. Alimwita mwanangu. Hata juzi, mvi kichwani, alimwita hivyo na kumshika mashavu.

Ndiyo maana Idara ilimtuma Akiru. Hakukuwa na mwingine ambaye Jok angemfungulia mlango bila kumtazama mara mbili. Alimwambia anafanya kazi ya maji kwenye kaunti, kwamba ana likizo, kwamba gari lipo. Jok akaamini. Kwa nini asiamini?

Sandukuni, Jok alikuwa amebeba cherehani mbili. Aliwaambia watu wa forodha kwamba ni zawadi kwa akina mama wa kanisa. Ndani ya vyuma vya cherehani hizo mlikuwa na vibao kumi na viwili vya elektroniki. Vilikuwa ubongo wa ndege ndogo zisizo na rubani. Idara iliviona kwenye mashine ya ukaguzi Nairobi, ikaviacha vipite.

Ilimtaka anayevisubiri.

Huyo alijulikana kwa jina la Profesa, mlanguzi wa silaha ambaye hakuna aliyewahi kumpiga picha. Alikuwa na ndege. Alikuwa na baruti. Alikosa ubongo wa kuziongoza. Idara iliamini mzigo unavuka mpaka kwenda kwenye vita vya watu wengine, na iliamini kwamba anayefuata cherehani atamfikia Profesa.

Jok aliingia garini, akamsalimu Akiru kwa Kiturkana chake kibovu, akacheka mwenyewe.

"Leo unatupeleka kila mahali," alisema. "Nyagoa ana orodha."

"Nipe hiyo orodha," Akiru akasema, akaondoa gari.

*

Walianza kwa Wahabeshi. Nyagoa alitaka kula njera, ile chapati laini yao, ya mwisho iliyopikwa na mtu anayejua, na walikula sahani moja kubwa wote wanne, vidole vikigongana. Awut alikuwa amejifunza kuchota mchuzi bila kuudondosha. Baada ya hapo Nyagoa alinunua birika la udongo la kahawa, akalifunga kwa taulo kama mtoto mchanga. Kwa Wasomali alinunua madera matatu, moja akamwekea Akiru kifuani kupima rangi, na Akiru alipokataa akaambiwa anyamaze. Kisha akanunua samaki wakavu. Jok alimkumbusha kwamba forodha ya Australia itawatupa. Nyagoa akajibu kwamba anajua. Anataka tu sanduku linuke Kakuma mpaka huko.

Nyagoa alikuwa Mnuer. Yeye na Jok walipendana kambini wakati watu wao wakichinjana ng'ambo ya mpaka, na kwa mwaka mzima hakuna ndugu wa upande wowote aliyewasalimia. Alimsimulia Akiru habari hiyo usiku wa tatu wa likizo, wakiwa wamelala kitanda kimoja kwa sababu vyumba vilikuwa vimejaa. Akiru alimsikiliza hadi mwisho. Asubuhi aliandika ripoti.

Saa tatu na nusu Jok alisema anapeleka zile cherehani.

"Kwa nani?" Akiru aliuliza, kama mtu asiye na haja ya jibu.

"Kwa muuza vitambaa pale. Akina mama watachukua kwake."

Alizibeba mwenyewe, moja kila mkono. Hakurudi na risiti wala neno la shukrani. Alikaa garini, akapangusa mikono kwenye suruali, akapangusa tena.

Kwenye kidude cha sikioni Akiru alisikia sauti ya Chelangat, mkuu wake wa kike, aliyekuwa Lodwar ndani ya chumba chenye ramani.

"Jiwe, hapa Mlima. Mzigo umetoka mlango wa nyuma. Hilux ya kijivu. Erupe yuko nayo."

Akiru alikohoa mara moja. Maana yake ndiyo.

Erupe alikuwa jasusi mwenzake, Mturkana mwembamba ambaye kwenye pikipiki yake ya Boxer alifanana na bodaboda mwingine yeyote. Hilux ilishika barabara ya Lodwar. Boxer ikashika barabara ya Lodwar. Nusu saa baadaye Prado nayo ikashika barabara hiyo hiyo, Awut akiwa kiti cha nyuma anaimba wimbo wa shule, na Jok akitazama nje kule kwenye migunga na mawe meusi.

Kisha akasema jambo ambalo Akiru hakulitegemea. Alisema amefikiria kujenga nyumba Kakuma. Ndogo tu, karibu na kwa mama, ili Awut awe na mahali pa kurudi.

"Wewe utanisimamia mafundi," alisema.

Akiru alitazama barabara.

"Nitasimamia," alisema.

*

Lodwar walinunua vikapu. Akina mama walikuwa wameketi kivulini na vikapu vya majani ya mkoma vya kila ukubwa, na Awut alichagua kimoja kisha akabadili mawazo, akachagua kingine, akabadili tena, mpaka mama mmoja akampa kidogo cha bure ili apate amani. Saa saba walikaa mezani katika hoteli moja karibu na Mto Turkwel. Waliagiza ngege mzima wa kukaanga kutoka ziwani, ugali, sukuma, na nyama ya mbuzi pembeni kwa ajili ya Jok.

Mjini kulikuwa na pilikapilika. Wazee mia mbili kutoka nchi tatu walikuwa wamekuja kwenye mkutano wa amani wa wafugaji, ukumbini, ng'ambo ya barabara. Mkutano ungefunguliwa saa nane. Nyimbo zao zilifika hadi mezani.

Awut alimwomba Akiru amtolee miiba.

Akiru alikuwa anatoa miiba wakati Erupe aliposema, kwa sauti ya chini, "Tuko kwa geti."

Nyumba ilikuwa ya mabati, kilomita saba nje ya mji, barabara ya Lorugum. Hilux ilikuwa imeingia hapo saa moja na nusu zilizopita na haikutoka. Erupe alikuwa na vijana wanane wa kikosi maalumu.

"Ingieni," Chelangat akasema.

Lango lilianguka. Risasi tatu. Kelele. Risasi moja.

Mwiba mrefu. Akiru aliuweka pembeni ya sahani.

"Tuko na Profesa," Erupe alisema, akihema. "Mzima. Kumbe ni mzee ya miwani tu."

Akiru alishusha pumzi. Alimwekea Awut mnofu mweupe, safi, juu ya ugali. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alihisi njaa.

"Madam." Ni Erupe tena, na sauti ilikuwa imebadilika. "Iko shida. Hapa stendi za ndege ni kumi na mbili. Ndege ni kumi na moja."

"Ya kumi na mbili iko wapi?" Chelangat aliuliza.

"Walifunga ubongo kwa moja haraka. Imeruka sasa hivi. Rimoti inaonyesha ramani. Ni huko kwenu, madam. Ni ukumbi. Dakika sita."

"Izime."

"Inataka namba ya tarakimu sita ya kuiangusha. Huyu mzee hasemi. Anacheka tu."

Chelangat aliamuru ukumbi uondolewe watu. Lakini wazee mia mbili, wengine na mikongojo, hawatoki kwa dakika sita kwenye milango miwili. Polisi walielekeza bunduki zao za G3 angani, na angani hawakuona hata kunguru.

Akiru aliweka uma chini.

"Jok," alisema. "Twende tukanawe mikono."

*

Sinki ilikuwa kwenye ujia, nyuma ya pazia la shanga. Jok alifungua bomba. Akiru alisimama kati yake na mlango.

"Mimi sifanyi kazi ya maji," alisema.

Jok hakugeuka. Maji yalimpita vidoleni.

Akiru alimwambia yote kwa maneno machache. Cherehani. Nyumba ya mabati. Ndege iliyo hewani, baruti iliyofungwa tumboni mwake, ukumbi ulio ng'ambo ya barabara. Alimwambia wanajua ni yeye aliyeviandaa vile vibao, kwenye karakana yake ya kutengeneza simu kule Adelaide. Alimwambia anataka namba.

"Sijui ndege gani unasema," Jok alisema.

Akiru alilisoma faili lake mara nyingi. Ushahidi ulikuwa mwembamba. Vibao vile vinauzwa dukani. Wakili mzuri angesema mteja wake alibeba zawadi, hakujua kilichomo. Kama Jok angenyamaza tu, pengine angepanda ndege ya saa kumi na mkewe na mtoto wake. Kutoa namba ilikuwa kukiri. Na kwenye macho yake, kwenye kioo juu ya sinki, Akiru aliona kwamba Jok anaijua hesabu hiyo.

Upande wa pili wa pazia Nyagoa alikuwa anacheka na Awut.

"Dakika nne," Chelangat alisema sikioni.

"Jok. Mama yumo ukumbini."

Akageuka.

"Mama yuko Kakuma."

"Walimchukua alfajiri, na basi la akina mama wa amani. Amekaa mstari wa mbele."

Ulikuwa uongo. Mama yake alikuwa Kakuma, kwenye boma lake, na mbuzi wake. Akiru aliutamka bila kupepesa macho, kama alivyofundishwa, na akauona ukimwingia Jok kama kisu.

Jok alifunga bomba.

"Sifuri, nne, saba," alisema. "Moja, moja, tisa."

Akiru alizirudia kwa kipaza sauti. Na alipokuwa anazirudia ulimi wake ulitangulia. Aliifikia tisa kabla ya kuikumbuka. Ilikuwa namba ya kadi ya mgao ya Jok. Alikuwa ameishika kwenye ncha ya leso yake miaka mitatu.

"Tunaingiza," Erupe alisema.



Nyimbo za wazee zilikuwa zimekatika. Nje watu walikimbia.

"Inazunguka."

Akiru alikibana kidude sikioni kwa kidole.

"Inashuka. Inashuka, madam. Imeanguka mtoni, kwa mchanga. Imelala. Haijalipuka."

Akiru aliegemea ukuta. Jok alikuwa bado amemkazia macho, akisubiri, naye akamwonyesha kwa kichwa kwamba imekwisha. Jok akaketi chini, pale pale kwenye sakafu yenye maji.

Aliongea bila kuulizwa. Kaka yake aliuawa miaka miwili iliyopita kwenye zizi la ng'ombe, na watoto wake wawili. Watu walimpigia simu Adelaide, wakamwambia ndege hizi zitawaona wezi wakiwa mbali, zitalinda kijiji.

"Hukuuliza baruti ni ya nini?"

"Sikuuliza," Jok alisema. "Nilijua nikiuliza nitakataa."

"Jiwe," Chelangat alisema. "Mlete. Sasa."

Jok hakusikia sauti hiyo, lakini alielewa uso wa Akiru. Alinyanyuka, akakung'uta suruali.

"Niache nimalize kula na mtoto," alisema. "Halafu twende."

"Dakika ishirini," Akiru alisema kwenye shanga.

"Hapana, Jiwe. Nimesema sasa."

Akiru alikitoa kile kidude sikioni, akakitia mfukoni mwa shati.

Walirudi mezani. Jok alikula kila kitu. Alikula ugali wa mkewe, akakwangua mifupa ya ngege, akamtania Awut kuhusu vikapu. Kati ya tonge na tonge aliongea na Nyagoa kwa Kiarabu cha Juba, ambacho mtoto hakukijua, taratibu, sauti ya mtu anayeeleza njia. Nyagoa hakuacha kutabasamu, kwa sababu mtoto alikuwa anawatazama. Ila mkono wake ulifika kwenye mkono wa Jok na haukuondoka tena. Alikula kwa mkono wa kushoto mpaka chakula kikaisha.

*

Uwanja wa ndege wa Lodwar ni mdogo. Abiria hutembea kwa miguu mpaka kwenye ngazi.

Awut aliambiwa baba anabaki kidogo kumaliza kazi ya cherehani. Alikubali, ila alitaka kujua ni siku ngapi. Jok alipiga magoti akamfunga kamba za viatu, kwanza kiatu kilichofunguka, kisha na kile ambacho hakikufunguka. Alisema hajui ni ngapi. Alimwambia kwamba samaki wakipita forodha ahifadhi mmoja.

Hawakumfunga pingu. Akiru alikuwa ameagiza hivyo, na vijana wa kikosi walisimama mbali, karibu na gari, wakijifanya wanatazama simu.

Awut alimkumbatia Akiru kiunoni, akagusa bastola bila kujua ni nini.

"Ejok, anti," alisema. Lilikuwa neno pekee la Kiturkana alilolijua, lenye maana ya vizuri, na alilitumia kwa kila jambo.

"Ejok," Akiru alisema.

Nyagoa alikuja mwisho. Akiru alikuwa amejiandaa kwa matusi, angeyapokea. Nyagoa alimtazama tu, uso kwa uso, kwa muda ambao ulimfanya mhudumu wa ndege aangalie saa.

"Siku nane umekula na sisi," alisema.

Akamshika mtoto mkono wakaondoka. Hawakugeuka, yeye kwa kutotaka, mtoto kwa sababu alikuwa anahesabu ngazi.

Ndege ilikimbia, ikainuka, ikakata kona juu ya mji, ikawa nukta. Jok aliifuata mpaka hapakuwa na kitu cha kufuata. Kisha aliileta mikono yake mbele mwenyewe. Akiru alimfunga pingu, akampeleka hadi kwenye Land Cruiser ya kikosi, akamkinga kichwa asigonge mlango.

"Mama alishtuka sana?" Jok aliuliza akiwa ameketi. "Pale ukumbini. Ana presha."

Angeweza kumwachia uongo huo. Ingekuwa rahisi, mtu anayekwenda jela miaka mingi ana haki ya kujua kwamba ameokoa mtu wake.

"Hakuwemo," Akiru alisema. "Yuko Kakuma. Nilikudanganya."

Upepo ulipitisha vumbi jekundu kwenye njia ya ndege.

"Ungeniuliza tu, Akiru," alisema. Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi ningekuambia. Hiyo namba hata wewe unaijua."

Akiru alifunga mlango. Alipiga bodi ya gari mara mbili kwa kiganja, na gari likaondoka.

Erupe alikuwa amefika na Boxer yake, vumbi hadi kope. Alisema madam amefurahi, Nairobi wamepiga simu, wazee wamerudi ukumbini na wameanza upya kwa maombi. Alisema Profesa ameanza kuongea, kwamba amani ya wazee ingemharibia soko la silaha. Akauliza kama ampeleke mjini.

"Nitatembea," Akiru alisema.

Simu yake iliita alipofika kwenye uzio. Ilikuwa namba ya mama yake. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mbuzi.

Mama aliuliza kama ndege imeruka. Akiru alisema imeruka. Mama alisema amengoja Jok apige, aliahidi atapiga kabla ya kupanda, na si tabia yake kusahau.

Akiru alisimama.

Alijua maneno ya kusema. Mtandao mbovu. Simu imeisha chaji. Alikuwa na mia kama hayo, na yote yangepita.

"Jok hakupanda, Mama," alisema. "Nimemkamata mimi."

Alisikia mbuzi. Alisikia mtu akimwaga maji. Alisubiri mama aseme jina lake, au aulize kwa nini, au alie. Halafu simu ikakatwa, taratibu, kama mtu mzima anavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Akiru aliirudisha simu mfukoni. Alivua shanga shingoni, akazikunja kiganjani, akavaa miwani yake ya jua. Kisha akashika barabara ya kuingia mjini, kwa hatua za kawaida, si za haraka wala za polepole, na walinzi wa lango walimwona mwanamke anayerudi kazini.